Kuvua perege na watoto Nyumba ya Mungu bila kukanyaga maji

Nyungunyungu huchimbwa Ijumaa jioni. Katika kihamba kimoja cha Kibosho, chini ya migomba, mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, udongo ni mweusi na laini kiasi kwamba mtoto wa miaka saba anaufukua kwa kijiti. Dada yake wa miaka 11 ameshika kopo la rangi ambalo mfuniko wake umetobolewa kwa msumari. Baba amewaambia wachukue nyungunyungu thelathini. Hadi giza linaingia wamefika mia na kitu, na mdogo bado anataka kuongeza, maana kuchimba kwenyewe kumeshakuwa mchezo.

Kesho yake kopo hilo litashuka kutoka kwenye baridi ya mgombani hadi kwenye joto la Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi. Baba, fundi umeme mjini, amekubali safari yao isimuliwe ila majina yao yabaki nyumbani.

Njia hiyo maji ya mlima yameipita zamani. Mvua inayonyesha msituni Kilimanjaro hushuka kwa mito na chemchemi, na mingine huchepushwa na mifongo, ile mifereji ya asili ambayo Wachagga wamechimba kwa vizazi vingi kupeleka maji vihambani. Karanga na Weruweru huishia kwenye Kikuletwa. Upande wa mashariki, maji ya Himo na Ziwa Jipe huingia Mto Ruvu. Kikuletwa na Ruvu hukutana tambarare, na hapo ndipo ulipojengwa ukuta katikati ya miaka ya 1960. Kituo cha umeme cha megawati 8 kilianza kazi mwaka 1968. Chini ya ukuta mto unaitwa Pangani, na safari yake inaishia baharini.

Kwa mzazi wa Moshi anayetaka kuwapeleka watoto kuvua, machaguo si mengi. Ziwa Chala lina mandhari ya kupendeza kuliko yote, lakini ni shimo la volkano lenye kingo kali na mamba. Mwaka 2002 mgeni kijana aliuawa na mamba akiogelea humo. Maji moto ya Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, ni ya kuogelea, na samaki wake kazi yao ni kukutekenya nyayo. Mito ya juu ina baridi na mawe. Inabaki Nyumba ya Mungu, ambako perege wadogo hukaa karibu na ukingo, na ambako watu wa Lang'ata na vijiji jirani wameishi kwa uvuvi tangu bwawa lilipojaa.

Asubuhi ya Jumamosi gari la kuazima linatoka Kibosho saa 11 alfajiri. Njia panda ya Himo wanakata kulia, barabara ya Dar. Migomba inaisha ghafla, kama vile kuna mtu amechora mstari. Inaanza migunga, vumbi na mkonge, Milima ya Upare ikiwa kushoto. Mama, aliyebaki nyumbani na kichanga, amepiga simu mara mbili kuuliza kama wamefunga mikanda.

Mwanzi, uzi na kandambili

Vifaa vyao vyote vingeingia kwenye mfuko wa shule, isipokuwa mianzi miwili ya urefu wa mita tatu hivi. Kuna uzi wa nailoni wa unene wa milimita 0.18, ndoana ndogo za namba 14 na 16 (namba ikikua, ndoana inapungua), na maboya mawili yaliyokatwa kwenye kandambili kuukuu. Hakuna rodi ya dukani wala mashine ya kuzungushia uzi.

Wembamba huo una sababu yake. Perege mdogo ana mdomo mdogo na hali kwa pupa kama kambare. Anavuta chakula pamoja na maji, anakionja, na akihisi kitu kigumu au kizito anakitema mara moja. Uzi mnene unaokaza huzuia chambo kushuka taratibu, na kwenye maji angavu samaki anauona. Uzi mwembamba hupinda na maji. Boya likiwa dogo kama punje ya harage, hata mguso wa samaki wa ukubwa wa kiganja unalitikisa. Watoto wanapenda hapo: kuna kitu cha kutazama muda wote.

Marekani kuna watu wazima wanaotumia wikiendi nzima kwa aina hii ya uvuvi. Huvua samaki wadogo wa mabwawani, wale wanaotosha kikaango, kwa ndoana yenye kichwa kidogo cha risasi kilichofungwa manyoya, wakiipandisha na kuishusha polepole majini. Fundi umeme huyu aliona video zake kwenye simu akatengeneza ya kwake: unyoya wa shingo ya jogoo, uzi mwekundu wa cherehani, ndoana namba 14. Kichwa cha risasi hakukiweka, na hapo alifanya vizuri kuliko anavyojua.

Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wavuvi wengi hubana chubwi ya risasi kwenye uzi kwa meno, na mtoto anayewaangalia ataiga. Uingereza ilipiga marufuku vipande vidogo vya risasi vya uvuvi mwaka 1987 kwa sababu bata maji walikuwa wakivimeza na kufa. Kwenye uzi wa familia hii chubwi ni nati ndogo ya chuma iliyotoka kwenye boksi la vifaa vya umeme. Inafanya kazi ileile. Uzi unakatwa kwa mkasi, na fundo linaloweshwa kwa maji ya kunywa kabla ya kukazwa, kwani nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kudhoofika.

Kabla ya siku hiyo baba alimpigia afisa uvuvi wa wilaya kuuliza utaratibu. Mzazi yeyote afanye hivyo. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na bwawa hili limewahi kufungwa kwa miezi mingi ili samaki wazaliane baada ya nyavu za macho madogo kulimaliza. Ni aibu kufika na watoto na mianzi ukakuta pamefungwa.

Ukingoni

Saa 1 na nusu asubuhi maji yametulia kama mafuta kwenye sufuria. Kaskazini, Kibo imejitokeza yote juu ya wingu. Mitumbwi inarudi, akina mama wanasubiri na ndoo, korongo wanasubiri utumbo. Mzee mmoja ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akishona wavu.

"Shikamoo babu," wanasema watoto kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu. Mmekuja kuwavua au kuwalisha?" Ameshaliona kopo.

Ni yeye anayewaonyesha pa kukaa: kwenye kijiwe kikavu kilichoinuka, mbali na matete. Kwenye matete, anaeleza, hujui kuna nini. Bwawa lina mamba na viboko, na mvuvi wa hapa hasimami kwenye majani marefu akiwa amelipa maji mgongo. Kisha anaelekeza kidole kwenye maji ya kina kifupi, ambako chini kuna vishimo vya mviringo kama sahani. Hivyo vimechimbwa na madume ya perege. Jike anakuja, anataga humo, halafu anayachukua mayai mdomoni na kukaa nayo hadi yaanguliwe, akiwa hali karibu chochote. Hata vifaranga wakishaanza kuogelea, wakiona hatari hukimbilia mdomoni mwa mama.

Binti wa miaka 11 anataka kujua kama mama hawezi kuwameza kwa bahati mbaya. Babu anacheka hadi sindano ya wavu inamtoka.

Kati ya perege wa mfumo huu wa mito yupo mmoja ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina la Ziwa Jipe. Alielezwa kitaalamu mwaka 1955 na mtafiti wa Uingereza, Rosemary Lowe, na leo yumo kwenye orodha ya samaki walio hatarini kutoweka. Sokoni wote ni perege tu, na mtoto wa Kibosho hawezi kuwatofautisha. Anachoweza ni kumrudisha aliye mdogo kuliko kiganja cha baba, na hiyo ndiyo sheria ya kijiweni siku hiyo.

Kumrudisha kuna mtihani wake. Wavuvi wa burudani duniani hufundisha kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki, maana kiganja kikavu humtoa ule ute unaomkinga na magonjwa. Sasa, uloweshe mikono kwa maji ya bwawa? Baba amekuja na dumu la lita 20 la maji ya bomba kutoka nyumbani na beseni. Mikono inaloweshwa kwenye beseni, samaki anachomolewa ndoana juu ya beseni, mdogo anarudi bwawani, mkubwa anaingia kwenye ndoo yenye kifuniko. Matone ya bwawa yanayobaki mkononi yanafutwa kwa taulo papo hapo. Wavuvi wawili waliopita walitazama beseni lile wakatikisa vichwa. Mtu amekuja na maji kwenye bwawa!

Saa mbili na dakika kumi boya la dada linazama. Anavuta kwa nguvu mno, samaki anaruka juu ya vichwa vyao na kuangukia majani nyuma. Wa pili anavuta vizuri. Kufikia saa tatu wana saba, wanne wa kubaki. Unyoya wa jogoo umepata mmoja. Nyungunyungu wamepata sita. Mdogo hajapata hata mmoja, kwa kuwa kila baada ya dakika mbili anatoa chambo majini kuangalia kama bado kipo.

Saa nne kasoro boya lake likazama.

Uzi uliingia kwenye matete ukakwama. Samaki alionekana, anang'aa, hatua tatu kutoka ukingoni. Baba alikuwa ameinama kwenye beseni. Alipogeuka, sendozi mbili zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye kijiwe na mtoto alikuwa majini hadi magotini, mkono mmoja kwenye matete, wa pili ameunyanyua na perege ndani yake, anacheka.

Baba hakupiga kelele. Aliingia na viatu vyake, akambeba.

Dakika moja inatosha

Mtoto aliogopa mamba baadaye, alipoelezwa. Hofu ya baba ilikuwa ya kitu kisichoonekana. Alikulia kambi ya mashamba ya miwa tambarare ya chini ya Moshi, ambako mifereji ya umwagiliaji ilikuwa ndiyo bwawa la kuogelea la watoto. Anawakumbuka wenzake waliokuwa na matumbo makubwa na miguu myembamba. Yeye mwenyewe alimeza vidonge vya kichocho akiwa darasa la tatu.

Kichocho kwenye ukanda huu kina historia ndefu. Mtafiti Alan Fenwick alifanya kazi ya kukidhibiti kwenye shamba la miwa la Arusha Chini na kuchapisha matokeo mwaka 1972, miaka mingi kabla hajaanzisha mpango wa kimataifa wa kupambana na ugonjwa huo kutoka London. Kanuni haijabadilika: maji yanapotulia na majani kuota, konokono wadogo wanazaliana, mtu mwenye ugonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai yanafika humo, vimelea vinaingia kwa konokono, vinazaliana, vinatoka kwa maelfu vikitafuta ngozi ya binadamu. Hutoka zaidi jua likishapanda, na vinaweza kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Ndiyo maana kuvua mapema asubuhi kuna faida mbili, ingawa asubuhi si kinga.

Samaki hana hatia hapa. Kichocho hakipatikani kwa kula perege. Kinapatikana kwa ngozi kugusa maji. Ndiyo uzuri wa mwanzi wa mita tatu: unakuwezesha kufika majini huku miguu imebaki kwenye mawe. Kosa liko kwenye ile dakika ya kufuata ndoana ya shilingi mia.

Pale kijiweni baba alifanya yanayowezekana. Alimfuta mtoto miguu kwa taulo, kwa nguvu, mara moja, kisha akamwogesha kwa maji ya dumu. Kufuta kunaweza kusaidia, lakini hakuna daktari atakayekuambia ukalitegemee. Uzi ulikatwa kwa mkasi na matete yakabaki na ndoana. Waliondoka saa nne na robo, kabla ya muda waliopanga, na perege watano. Wa tano ni wa mdogo, ambaye hakukubali kumwachia hata alipokuwa akibebwa.

Jioni ile baba alisimama kwenye duka la dawa mjini akiuliza dawa ya kichocho. Angekubaliwa angempa mtoto usiku uleule, na ni wazazi wengi wangefanya hivyo. Muuzaji, kwa sifa yake, alimrudisha. Dawa inayotumika, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga iliyoingia leo haiisikii vizuri. Kuimeza siku hiyo kunampa mzazi usingizi, huku minyoo ikiendelea kukua. Dozi pia hupimwa kwa uzito au urefu wa mtoto, na humezwa baada ya chakula.

Hata kupima haraka hakusaidii, maana kipimo cha kawaida cha choo na mkojo hutafuta mayai, na minyoo huchukua wiki kadhaa kukomaa na kuanza kutaga. Ushauri wa kawaida ni kurudi kituo cha afya wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji, na kusema wazi kwamba mtoto aliingia kwenye bwawa. Usingoje hiyo tarehe iwapo katikati utaona vipele vya kuwasha, homa, kikohozi, maumivu ya tumbo, kuhara kwenye damu au mkojo wenye rangi ya damu.

Kuna mahali ambako mkojo mwekundu wa wavulana umewahi kuchukuliwa kama dalili ya kukua. Nchi nyingi za Afrika zina hadithi kama hiyo. Ni ugonjwa. Ukiachwa miaka, wa tumbo hushambulia ini, wa mkojo hushambulia kibofu, na kwa wasichana unaweza kuleta vidonda kwenye via vya uzazi ambavyo mara nyingi hudhaniwa kuwa magonjwa ya zinaa. Mapema zaidi, mtoto anapungukiwa damu, anadumaa, anasinzia darasani na kuitwa mvivu. Kwenye maeneo yenye maambukizi kingatiba hutolewa shuleni. Mtoto anayeishi mlimani na kushuka bwawani mara mbili kwa mwaka anaweza asiwe kwenye mpango huo, na mzazi wake ndiye atakayekumbuka.

Samaki watano

Nyumbani, mama aliwakuta perege wamekwishaparwa magamba na kutolewa matumbo. Baba alifanya hivyo kule kule, akawapaka chumvi na kuwafunika kwenye ndoo na chupa mbili za maji yaliyogandishwa, kwa sababu joto la Mwanga na saa mbili njiani haviwafai samaki wabichi. Alipewa habari za magotini kabla ya habari za samaki. Alinyamaza muda. Kisha akauliza ilikuwa tarehe ngapi leo.

Walikaangwa hadi mapezi yakawa kama chipsi, wakaliwa na ndizi na kachumbari. Perege wadogo wana miiba mingi. Mama alichambua nyama ya mdogo kwa vidole, akiibonyeza kipande kwa kipande. Babu mzaa baba, aliyelelewa wakati ambapo chakula cha kihambani kilikuwa ndizi, maharage, maziwa na nyama ya sikukuu, alikula nusu ya samaki kwa heshima na kusema yanatosha.

Kwenye kalenda iliyotundikwa jikoni, Jumatatu ya wiki ya saba imezungushiwa kalamu nyekundu, na pembeni mama ameandika "choo + mkojo". Mdogo anajua hiyo ni siku ya nini, na ameuliza kama wanaweza kwenda kuvua tena kabla yake. Ameambiwa baada, na kwamba viatu vyake vitafungwa kamba fundo mbili.

Nyungunyungu waliobaki, zaidi ya themanini, amewarudisha mwenyewe chini ya mgomba.